Safari ya Siku Moja Athirappilly: Tembea India Bila Kugusa Pesa ya Matibabu

Mama anatibiwa Kochi, na wewe ndiye uliyemsindikiza. Hii ni wiki ya tatu. Unajua kila kigae cha wodi, kantini ya chini na chumba kidogo mlichokodi ng'ambo ya barabara. Jana daktari alisema Jumamosi hakuna kipimo wala dawa mpya. Shangazi naye amefika kutoka Nairobi na kukuambia, "Enda ukapumue kidogo, mwanangu. Mimi niko hapa."

Ukiuliza pa kwenda, kuanzia mlinzi wa geti hadi nesi wa usiku, jibu ni moja: Athirappilly. Maporomoko ya maji. Unatoka asubuhi, unarudi jioni.

Moyo unataka. Lakini pesa iliyo kwenye simu ni ya harambee. Kuna mama mboga aliyetuma mia mbili, kuna wana chama, kuna watu wa kanisa, kuna binamu aliyeuza mbuzi. Wakiona picha yako umesimama mbele ya maji, si watauliza nauli ilitoka wapi?

Somo letu la leo ni hilo hasa. Kupumzika si kosa. Anayeuguza mtu mbali na nyumbani akichoka kabisa, wagonjwa wanakuwa wawili. Shida huanza pale pesa ndogo ya matembezi inapokaa mahali pamoja na pesa kubwa ya matibabu. Ukimaliza kusoma utajua jinsi ya kutenga pesa ya siku moja, kuibadilisha bila kupunjwa, kulipa ukiwa India, na kurudi na hesabu inayoweza kusomwa mbele ya watu. Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo huko, au umeenda kufuata mzigo wa biashara, hesabu ni hii hii.

Kwanza, unaenda kuona nini?

Athirappilly iko wilaya ya Thrissur, jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India. Mto Chalakudy unashuka kutoka milima ya Western Ghats, unapita msituni, halafu unaanguka kwenye mwamba wa karibu mita 24. Ukilinganisha na Thomson's Falls pale Nyahururu, yenye mita 74, utasema haya ni mafupi. Ni kweli. Lakini mto ni mpana, na msimu wa mvua maji huanguka kwa mikondo iliyoshikana, mvuke wake unakulowesha kabla hujakaribia. Waliotazama filamu ya Baahubali ya mwaka wa 2015 wameshayaona, kwa sababu sehemu ya filamu hiyo ilipigwa hapo.

Kilomita chache mbele kuna Vazhachal, ambako mto unateremka kwenye miamba badala ya kuanguka. Msitu wa huko unajulikana kwa ndege aina ya hondohondo. Kuna aina nne, na mmoja wao, yule mkubwa, ndiye ndege rasmi wa jimbo la Kerala.

Msimu nao ni jambo la pesa. Mvua kubwa Kerala ni Juni hadi Septemba. Kusi tunayoijua Pwani, ndiyo hiyo hiyo inayovuka bahari na kufika kule ikiwa imebeba mvua. Miezi hiyo maporomoko hujaa, lakini njia ya kushuka hadi chini huteleza na inaweza kufungwa. Oktoba hadi Januari kwa kawaida maji bado ni mengi na kutembea ni rahisi zaidi. Machi na Aprili maji hupungua. Tena juu ya mto kuna bwawa la umeme la Poringalkuthu, kwa hivyo maji utakayoyaona hutegemea pia yanayofunguliwa huko. Kabla ya kulipa nauli yoyote, uliza wenyeji: "Wiki hii maji yako? Njia ya chini imefunguliwa?" Kuuliza ni bure. Kufika na kukuta geti limefungwa si bure.

Hatua ya 1: Amua hii ni pesa ya nani

Fanya hivi kabla ya kufunga viatu. Pesa ya matibabu na pesa ya matembezi zisikae kwenye salio moja. Hata kama una nia njema, ukilipa chai kwa salio la harambee, hutajua ilipoishia chai na kuanza dawa. Na watu wakianza kuulizana kwenye kikundi cha WhatsApp, hutakuwa na jibu.

Njia rahisi ni hii. Pesa ya mama ibaki kwa mweka hazina wa familia, naye aitume kidogo kidogo kulingana na bili ya hospitali. Wewe ubaki na pesa ya kula na ya kulala tu. Ya matembezi itoke mfukoni mwako, yaani mshahara wako, akiba yako, au zawadi ya mtu anayejua anakupa ya nini. Kaka yako akisema "chukua hii ya kupumzika," mwambie aitume peke yake, siku tofauti na mchango. Ukija kuitafuta kwenye taarifa ya akaunti, itakuwa imesimama peke yake.

Kisha andikia kikundi ujumbe mfupi kabla ya kwenda, si baada. Mfano:

"Habari zenu. Jumamosi mama hana matibabu na shangazi atakaa naye. Nitatoka matembezi ya siku moja kwa pesa yangu mwenyewe. Ya mama haiguswi, salio ni lile lile tulilosoma Jumatano. Asanteni kwa maombi."

Kuandika ujumbe huo hakuchukui hata dakika mbili, na unazuia ugomvi wa miaka. Ukijikuta unaona haya kuutuma, basi jiulize tena kama kweli hiyo pesa ni yako.

Hatua ya 2: Jua njia ya bei nafuu

Kutoka Kochi hadi maporomoko ni karibu kilomita 70 kwa barabara. Gari la kukodi siku nzima linafaa mkiwa wanne mnaochangiana. Ukiwa peke yako, panda treni kisha basi.

Kochi iko na stesheni mbili kubwa: Ernakulam Junction, ambayo wenyeji huiita South, na Ernakulam Town, wanayoiita North. Aluva pia kuna stesheni, na ukiwa unakaa upande huo umeshapunguza safari. Unashuka Chalakudy, ambayo kwenye ratiba ya reli huandikwa Chalakudi. Kumbuka hiyo tahajia, usije ukatafuta jina moja na kukosa lingine. Si kila treni inasimama hapo, kwa hivyo dirishani uliza kwanza, ndipo ukate tiketi ya kawaida, ile isiyo na nafasi maalum. Ndiyo ya bei ya chini kabisa, ingawa behewa linaweza kujaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Treni za mwendo wa kasi huwa na nyongeza kidogo, kwa hivyo mwambie karani unataka kupanda treni gani.

Kutoka Chalakudy mjini hadi Athirappilly ni karibu kilomita 30. Kuna mabasi ya serikali na ya watu binafsi. Maandishi mengi kwenye basi ni ya Kimalayalam, usijisumbue kuyasoma, mwambie kondakta jina la unakoenda. Ukiwa mwanamke, viti vya mbele kwenye mabasi ya Kerala hutengewa wanawake. Kutoka stesheni hadi stendi ya basi kuna tuktuk, na utazitambua mara moja, maana zile za Mombasa na Kisumu nyingi zilitengenezwa India. Kubaliana bei kabla ya kukaa, kama unavyofanya na boda kwetu.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa rupia

Bei zifuatazo ni za mfano, si bei rasmi. Tumezipandisha kidogo makusudi. Ukizikuta chini ya hapo, pesa inabaki kwako. Badilisha kila namba kwa bei utakayoambiwa wiki hiyo.

Treni, kwenda na kurudi: rupia 100
Basi, kwenda na kurudi: rupia 120
Tuktuk, kwenda na kurudi: rupia 200
Kiingilio: rupia 250
Chakula cha mchana na chai: rupia 300
Maji na vitafunio: rupia 80
Jumla ya matumizi: rupia 1,050

Kuhusu kiingilio, usishtuke ukiona bei mbili. Mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, kama vile mbuga zetu zina bei ya raia na bei ya mgeni. Kamera nayo hulipiwa kivyake. Uliza dirishani, na chukua risiti.

Sasa pesa ya dharura. Wengi huweka asilimia kumi ya bajeti kwa sababu wamesikia hivyo. Kwa safari kama hii, asilimia kumi ni rupia 105, na hizo hazitakurudisha nyumbani. Jiulize hivi: nikikosa basi la mwisho msituni, gari la kukodi hadi stesheni ni pesa ngapi? Hiyo ndiyo dharura yako. Tuseme umeulizia ukaambiwa rupia 950. Basi:

Matumizi 1,050 + dharura 950 = rupia 2,000

Tukitumia mfano wa rupia moja kwa shilingi 1.50, hizo ni shilingi 3,000. Kama huna 3,000 za kwako, subiri. Usiende na 1,575 ukiomba Mungu basi lisichelewe, kwa sababu likichelewa mkono utaingia kwenye pesa ya mama.

Hatua ya 4: Badilisha pesa mapema, na ujue unakatwa wapi

Ukituma au kutoa pesa nchi nyingine unakatwa mara mbili. Kuna ada, ambayo unaiona. Halafu kuna kiwango cha kubadilisha, ambacho wengi hawakiangalii. Chukua zile shilingi 3,000. Kwa shilingi 1.50 kwa rupia unapata rupia 2,000. Kwa shilingi 1.60 unapata 1,875. Umepoteza rupia 125, zaidi ya nauli yako ya basi ya kwenda na kurudi, na pengine tangazo lilisema "bila ada". Kwa hivyo usilinganishe ada peke yake. Uliza swali moja: "Nikitoa shilingi 3,000, rupia ngapi zitafika mkononi?" Anayetaja namba kubwa ndiye wa bei nafuu.

Ukitumia kadi kwenye ATM, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa rupia. Chagua rupia. Ukichagua shilingi, kiwango kinapangwa na wenye mashine, na mara nyingi hakikufai. Tena toa mara moja kiasi cha kutosha badala ya kutoa kidogo kidogo, maana ada hukatwa kila mara.

Angalia na saa. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ukiwa stesheni Kochi saa moja asubuhi, Nairobi ni saa kumi na nusu alfajiri. Pesa ikikwama wakati huo, mweka hazina amelala, kaka amelala. Safari ikiwa Jumamosi, pesa iwe mkononi kufikia Alhamisi.

Hatua ya 5: Kulipa ukiwa huko

India inalipa kwa simu kweli kweli. Mwuza madafu, mwenye tuktuk, kibanda cha chai, wengi wana karatasi ya QR. Mfumo wenyewe unaitwa UPI, ulianza mwaka wa 2016, na unaunganisha benki na programu tofauti tofauti. Mnunuzi anaweza kuwa na programu hii na muuzaji ile, na pesa ikapita.

Lakini usidhani ukiona QR basi pochi yako ya Kenya itaisoma. QR ya UPI husomwa na programu za UPI. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya India anaweza kuulizia UPI One World, mpango ulioanza mwaka wa 2023 kwa ajili ya wageni. Unaandikishwa kwa pasipoti na viza, unaweka pesa kwanza, kisha unalipa kwa kuskani. Ulizia kwenye kaunta za kubadilisha pesa unapofika uwanja wa ndege, na uulize pia salio linalobaki linarudishwaje ukiondoka.

Ukiipata hiyo pochi, iweke pesa ya siku tu. Usijaze ya mwezi. Simu ikiibiwa au ikianguka majini, utakachopoteza kina mpaka.

Bado utahitaji noti. Msituni mtandao unaweza kupotea, na kondakta wa basi hatakungoja. Beba noti ndogo: 10, 20, 50 na 100. Ukipewa chenji, angalia unachopewa. Noti za 500 na 1,000 za zamani zilifutwa Novemba 2016. Noti ya 500 ya sasa ni ya kijivu, nyuma iko na picha ya Red Fort ya Delhi. Noti za 2,000 zilianza kuondolewa Mei 2023, na muuzaji wa kawaida hatazipokea. Ukipewa moja kama chenji, irudishe hapo hapo kwa upole.

Sisi tunashauri mifuko mitatu:

Mfuko wa kwanza ni pochi ya simu au noti za matumizi ya siku. Huu ndio unaofungua mbele ya watu.

Mfuko wa pili ni ile dharura ya 950, imekunjwa mbali, ndani ya soksi au chini ya pasipoti. Huifungui hadi umekosa basi.

Mfuko wa tatu unabaki Kochi kwa shangazi: kadi ya benki, laini unayopokelea pesa ya hospitali, na simu ya pili kama unayo. Nyani wa Athirappilly hunyakua mifuko ya chakula, na hawachagui kama ndani kuna ndizi au kadi.

Hatua ya 6: PIN ni ya kutoa pesa, si ya kupokea

Ukisahau mengine yote, shika hili.

Umefika Chalakudy. Umelipa tuktuk noti ya 500, dereva hana chenji. Anakuja kijana mwenye tabasamu: "Ngoja nikurudishie kwa simu. Skani hii QR, weka PIN, pesa itaingia." Unaskani, unaweka PIN, na badala ya kuingia, pesa imetoka.

Kwa UPI, PIN huwekwa wakati wa kulipa. Anayepokea haweki PIN na wala hahitaji kuskani kitu. Si ndivyo ilivyo kwetu pia? Ukitumiwa pesa Kenya, inaingia tu. Hakuna siku umeombwa PIN ili upokee. Kwa hivyo awe Chalakudy au Gikomba, anayekwambia uweke PIN ndipo upate pesa anataka kukuibia. Mwambie, "Hapana, nipe noti," na usimame karibu na watu wengine.

Kuna kanuni nyingine mbili zinazoenda na hiyo.

Soma jina kabla ya PIN. Mtu anaweza kubandika QR yake juu ya ile ya mwenye duka. Ukiskani, jina hutokea. Muulize muuzaji, "Ni hili?" Akikataa, acha. Hata kwetu ukilipa kwa till, ule ujumbe wenye jina la biashara hauwekwi pale kama pambo.

Muuzaji aamini chombo chake, si simu ya mteja. Kwenye maduka mengi India utaona kisanduku kidogo kinachoongea: pesa ikiingia, kinataja kiasi kwa sauti. Muuzaji hakuangalii usoni wala hasomi skrini yako, anangoja kisanduku. Usione amekudharau. Picha ya skrini inaweza kutengenezwa, sauti ya kisanduku chake ni ngumu kuidanganya. Ukirudi nyumbani na uko na biashara, chukua somo hilo: usitoe bidhaa kwa sababu mteja amekuonyesha SMS kwenye simu yake. Ngoja SMS iingie kwenye simu yako mwenyewe.

Na pesa ikikatwa lakini kisanduku kikanyamaza? Usilipe mara ya pili kwa haraka. Angalia kwanza historia ya malipo kama inasema imekamilika, imekataliwa au inasubiri. Piga picha ya namba ya muamala. Kama muuzaji hawezi kungoja, mlipe kwa noti na uandike, ili ufuatilie ile ya kwanza jioni.

Hatua ya 7: Simu na laini

Laini yako ya Kenya ifunguliwe huduma ya nje kabla hujaondoka nyumbani, ili SMS za uthibitisho zikufikie. Ukishaweka laini ya India, usiitupe ile ya Kenya mfukoni ovyo ovyo. Kalaini kadogo namna hiyo kakipotea, huwezi kuingia kwenye akaunti yako, na kukarudisha ukiwa Kochi ni kazi.

Andika kwenye karatasi namba ya shangazi, namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yako ya pesa, na 112, ambayo ndiyo namba ya dharura India. Simu ikizima, karatasi haizimi. Chaji simu usiku, na usimalize betri kwa video kabla ya kurudi. Tiketi yako, pochi yako na shangazi wote wako ndani ya hiyo betri.

Hatua ya 8: Ukifika, uliza ya kurudi kwanza

Ukishuka kwenye basi, kabla hata ya kusikia sauti ya maji, muulize kondakta: "Basi la mwisho la kurudi Chalakudy ni saa ngapi?" Halafu muulize mwenye kibanda swali hilo hilo. Majibu yakitofautiana, shika la mapema. Panga kupanda basi linalotangulia hilo la mwisho.

Kisha ingia ufurahie. Geti liko upande wa juu, njia inakupeleka kuona maji yanapoanzia kuanguka, halafu inateremka hadi chini. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kuna kazi, kwa hivyo bakisha maji ya kunywa. Usivuke kamba wala uzio kwa ajili ya picha. Miamba ina utelezi na mto una nguvu kuliko unavyoonekana, na maji huweza kuongezeka. Mama anakungoja. Taka zako za plastiki rudi nazo, pale ni msitu.

Ukihisi njaa, kula mahali wenyeji wanakula. Wali na mboga za Kerala hushibisha kwa bei ya wastani, na chai yao huitwa chaya, kwa hivyo hutapata shida kuagiza.

Hatua ya 9: Funga hesabu usiku huo huo

Ukirudi, usilale kabla ya kuandika. Mistari mitano inatosha: nauli, kiingilio, chakula, mengineyo, kilichobaki. Tuseme ulitumia 890 kati ya 1,050, na dharura haikuguswa. Umebaki na rupia 1,110, ambazo kwa mfano wetu ni shilingi 1,665. Hizo bado ni zako. Ziache upande wako, au kama moyo unataka, zitume kwa mweka hazina kama mchango wako, kwa jina lako.

Halafu fungua taarifa ya akaunti ya matibabu. Salio la Jumamosi usiku linapaswa kuwa sawa na la Ijumaa usiku. Likiwa sawa, piga picha uitume kwenye kikundi pamoja na ile picha ya maji. Yule mama mboga wa mia mbili ataona vyote viwili, na hatakuwa na la kuuliza zaidi ya, "Mama anaendeleaje?"

Jipime

Jibu bila kurudi juu.

1. Kampuni moja inakutoza ada ya shilingi 50 na kukupa rupia 1,960 kwa shilingi zako 3,000, ada ikiwa ndani. Nyingine haina ada, inakupa 1,875. Utachagua ipi?

2. Mtu anakwambia uskani QR na uweke PIN ili akurudishie chenji. Utamjibu nini?

3. Una rupia 1,200. Matumizi ni 1,050, na gari la kukodi hadi stesheni ni 950. Utaenda Jumamosi hii?

Majibu: 1. Ya kwanza, kwa sababu rupia 85 zaidi zinakufikia. 2. "Hapana, nipe noti." 3. Hapana. Unapungukiwa na 800, na hizo zingetoka kwa mama. Ngoja Jumamosi nyingine. Maporomoko hayaendi popote.

Jambo la mwisho kutoka kwetu: iwe uko Kochi, Kisumu au Kwale, hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako. Akikupigia mtu akisema anatoka kwetu na anaitaka, kata simu, kisha tupigie kwa namba iliyo ndani ya programu yako. Safari njema, na mama apate nafuu.